Mazungumzo kama Chemchemi ya Ubunifu: Tshibumba Kanda Matulu na Historia Iliyochorwa Lubumbashi

1. Utangulizi

Mazoea ya uhakiki wa sanaa yameweka mpaka kati ya kazi na maneno. Kazi ya sanaa huhesabiwa kuwa tunda la mtu mmoja aliyejitenga na wenzake. Maneno huja baadaye, kazi ikiwa imekwisha kukamilika, nayo huwa maelezo ya msanii, sifa za wanunuzi au hoja za wahakiki. Kwa mtazamo huo, mazungumzo ni kama vumbi linaloinuka nyuma ya gari: yanathibitisha kwamba gari limepita, lakini siyo yaliyoliendesha.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mtazamo huo hautoshi, hasa kwa sanaa iliyozaliwa katika miji ya Katanga. Mfano unaochunguzwa ni mfululizo wa picha za historia ya nchi uliochorwa na Tshibumba Kanda Matulu katika miaka ya 1973 na 1974, pamoja na mazungumzo aliyoyafanya kwa Kiswahili mjini Lubumbashi na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha wakati huo katika kampasi ya Lubumbashi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Picha hizo na sehemu kubwa ya mazungumzo hayo, yakiwa yametafsiriwa kwa Kiingereza, zilichapishwa mwaka 1996 katika kitabu kiitwacho Remembering the Present.

Hoja kuu ni hii: mazungumzo hayo si maelezo yaliyobandikwa juu ya picha zilizokwisha kamilika. Ni sehemu ya kazi yenyewe. Mhakiki anayezitazama picha bila kuyasikia maneno, au anayesoma tafsiri ya maneno bila kukifikia Kiswahili chake, anahakiki nusu ya kazi. Hata hivyo mazungumzo hayo hayakuwa ya watu walio sawa, na uhakiki wa haki hauna budi kulisema jambo hilo bila kulificha.

Inafaa kukumbusha kwamba suala hili limekuja kupewa uzito mkubwa katika nadharia ya sanaa ya sasa. Mwaka 1998 Nicolas Bourriaud, nchini Ufaransa, alichapisha kitabu juu ya sanaa inayojengwa kwa mahusiano ya watu. Mwaka 2004 Grant Kester, nchini Marekani, akatoa kitabu chake Conversation Pieces, akitetea sanaa ambayo mazungumzo ndiyo malighafi yake. Mifano yao, kwa sehemu kubwa, inatoka Ulaya na Marekani. Mfano wa Lubumbashi uliutangulia ule wa kwanza kwa miaka ishirini na mitano, nao haukutoka katika jumba la maonyesho. Ulitoka katika biashara ya mlango kwa mlango.

2. Ukumbusho: picha inayodai msemaji

Tshibumba alizaliwa mwaka 1947 katika mji uliokuwa ukiitwa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Alikuwa mmoja wa wachoraji wengi walioishi kwa kuuza picha zao katika miji ya migodi: Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Wachoraji hao walitumia vitambaa vya magunia ya unga na rangi walizoweza kuzipata, wakauza kazi zao kwa bei ambayo mfanyakazi wa mgodi, karani au mwalimu angeweza kuilipa. Picha ilinunuliwa ili itundikwe ukutani sebuleni, mahali wageni wanapokaribishwa.

Mada za picha hizo zilijulikana na wote. Kulikuwa na mamba muntu, yule nusu mwanamke nusu samaki aletaye mali na hasara. Kulikuwa na Colonie belge, yaani mfungwa anapigwa viboko mbele ya mzungu wa serikali. Kulikuwa na msafara wa watumwa, na kulikuwa na Lumumba. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, katika makala yao ya mwaka 1976, walionyesha kwamba wenyeji walizigawa picha hizo kwa nyakati: mambo ya mababu, mambo ya zamani na mambo ya sasa. Walionyesha pia kwamba neno lililotumika kueleza thamani ya picha lilikuwa ukumbusho.

Neno hilo linastahili kuangaliwa kwa jicho la mwanaisimu. Kitenzi kukumbuka kinaweza kutendwa na mtu mmoja akiwa peke yake kitandani usiku. Lakini ukumbusho hautoki moja kwa moja katika kukumbuka. Unatoka katika kukumbusha, kitenzi chenye kiambishi cha kusababisha. Mtu hukumbushwa na mwingine. Kwa hiyo jina lenyewe la aina hii ya sanaa limekwisha kuwaweka watu wawili mbele ya ukuta: yule anayekumbusha na yule anayekumbushwa. Picha ya Colonie belge haimfundishi mwenye nyumba jambo asilolijua, kwa maana huenda baba yake aliuonja mjeledi huo. Kazi yake ni kumfanya mgeni aulize, mwenye nyumba ajibu, na mtoto aliyekaa pembeni asikie. Picha inayotundikwa bila mtu wa kuisema haijatimiza jina lake.

Tofauti inaonekana wazi ikilinganishwa na shule nyingine ya uchoraji ya mji huohuo. Katika miaka ya 1940, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha Elisabethville karakana iliyojulikana kwa jina la Le Hangar. Humo walitokea wachoraji wenye kipaji kikubwa, miongoni mwao Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Mwalimu huyo aliwataka wachore kwa macho yao wenyewe, bila kuiga Ulaya, na matokeo yake yakawa ndege, samaki, nyoka na majani yaliyopangwa kwa ustadi ambao hadi leo unashangaza. Lakini wanunuzi wa picha hizo walikuwa hasa wazungu, na sebule zilikotundikwa hazikuwa za jirani wa mchoraji. Mazungumzo yaliyozizunguka yalikuwa juu ya uzuri na juu ya nafsi ya Kiafrika kama mzungu alivyoidhania. Hayakumrudia mchoraji kwa umbo la swali. Haisemwi hapa kwamba picha hizo ni duni. Inasemwa kwamba chemchemi yake ni nyingine, na kwamba mhakiki anayepima shule zote mbili kwa kipimo kimoja atakosea pande zote mbili.

3. Kutoka picha moja hadi picha mia moja na moja

Mwishoni mwa mwaka 1973 Tshibumba alifika nyumbani kwa Fabian akiwa na picha za kuuza. Fabian hakuishia kununua, aliuliza. Katika kuulizwa huko, mchoraji alitoboa jambo alilokuwa amelibeba muda mrefu, nalo ni nia ya kuichora historia yote ya nchi, tangu mababu mpaka siku zile. Mnunuzi alikubali kumsaidia. Kwa miezi iliyofuata, Tshibumba alikuwa akileta picha fungu kwa fungu, na kila fungu lilikuwa na kikao chake.

Utaratibu wa vikao hivyo ndio unaombana mhakiki kubadili mazoea yake. Kwanza mchoraji aliziweka picha kwa mpangilio wake, akazisimulia moja baada ya nyingine mbele ya kinasa sauti. Baada ya hapo walizirudia wakijadiliana: huyu ni nani, jambo hili umelipata wapi, kwa nini umeliweka hapa. Kisha mchoraji akarudi kwake, akachora fungu jingine, akijua sasa kwamba kuna masikio yanayomngoja. Kwa hiyo picha ya fungu la tatu si picha ya mtu aliye peke yake. Imechorwa na mtu aliyekwisha kuulizwa katika fungu la pili.

Kitabu cha 1996 kinakusanya picha 101. Zinaanza na falme za zamani na kufika kwa wageni wa kwanza, zinapita katika biashara ya watumwa na kifo cha Msiri, aliyeuawa mwaka 1891, zinafika kwa Simon Kimbangu, kwenye mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière uliomalizwa kwa risasi mjini Elisabethville mwezi Desemba 1941, kwenye uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, kwenye kujitenga kwa Katanga, kwenye kifo cha Lumumba, kwenye utawala wa Mobutu, na mwisho zinagusa hata mawazo juu ya siku zijazo.

Hapa ni lazima kupima kwa makini. Je, mfululizo huu ni wa Tshibumba au ni wa yule aliyemwuliza? Jibu la haraka linaweza kuwa la upande mmoja. Atakayesema kwamba Fabian aliuumba atakuwa amesahau kwamba nia ilikuwepo kabla yake, na kwamba maarifa yote, mpangilio wote na hukumu zote zilitoka kwa mchoraji, aliyejitambulisha waziwazi kuwa mwanahistoria na si mchoraji tu. Lakini atakayesema kwamba Fabian alikuwa mteja tu atakuwa amesahau ukweli mwingine: soko la sebule lilinunua picha moja moja. Hakuna mfanyakazi wa mgodi aliyekuwa na ukuta wa kutundika picha mia, wala fedha za kuzilipia. Picha moja ya ukumbusho inategemea kwamba mtazamaji anaijua hadithi nzima. Mfululizo ndio unaoisimulia. Mfululizo ulihitaji msikilizaji asiyeijua historia hiyo kwa kuiishi, ambaye ilibidi aelezwe tangu mwanzo. Ugeni wa Fabian, ambao katika mambo mengine ulikuwa kizuizi, hapa ulifanya kazi ya swali kubwa. Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Katika jambo hili kuuliza kulikuwa nusu ya uchoraji.

4. Jinsi neno linavyoimaliza picha

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi mazungumzo yanavyofanya kazi ndani ya picha. Ni picha ya kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito, waliouawa tarehe 17 Januari 1961. Watu watatu wamelala chini, wamekufa. Nyuma, mbali kidogo, kuna misalaba mitatu. Juu angani kuna nyota sita.

Mtazamaji aliyelelewa katika nyumba ya Kikristo ataitambua misalaba mitatu mara moja. Lakini kutambua siyo kuelewa. Je, ni makaburi? Je, ni dua? Je, ni pambo tu lililozoeleka? Katika mazungumzo, Tshibumba aliliweka jambo wazi: kwa maoni yake Lumumba alikuwa kwa nchi hii kama Bwana Yesu, alikufa pamoja na wawili kama yule alivyokufa kati ya wawili, na misalaba ile ni ya Golgota. Nyota sita nazo ni umoja alioufia, maana nchi wakati huo ilikuwa na majimbo sita.

Inaweza kupingwa kwamba mhakiki hodari angefika hapo bila msaada. Labda kwa misalaba. Si kwa nyota. Hesabu ya nyota haisomeki bila kujua hesabu ya majimbo ya mwaka 1960, na hata mwenye kuijua asingekuwa na sababu ya kuamini kwamba mchoraji aliikusudia. Zaidi ya hayo, lililo muhimu siyo ufunguo wa ishara tu. Lililo muhimu ni namna ya kusema: mchoraji anasema ni maoni yake. Hasemi kwamba watu wote husema hivyo, wala kwamba kanisa linafundisha hivyo. Anatoa hoja na kuibeba mwenyewe. Picha peke yake ingeweza kudhaniwa kuwa imani ya umma iliyopokewa na mkono usio na jina, jinsi ambavyo sanaa ya watu wa kawaida huhukumiwa mara nyingi. Mazungumzo yanaionyesha kuwa tafsiri ya historia iliyofikiriwa na mtu mmoja, mwenye jina, anayekubali kuulizwa juu yake.

Katika Kiswahili cha Katanga kitenzi kuwaza kina nafasi pana: hubeba kufikiri, kukumbuka kwa makini, na hata kubuni. Mtu anawaza jambo lililokuwapo, na anawaza jambo ambalo bado halijawa. Ubunifu wa Tshibumba unakaa katika upana huo. Hakuwapo alipokufa Msiri. Hakuwapo alipokufa Lumumba. Aliwaza, kisha akachora, kisha akaulizwa, na katika kujibu akawaza tena.

5. Lugha mbili juu ya kitambaa kimoja

Jambo jingine ambalo wahakiki wa picha hulipita upesi ni suala la lugha. Maandishi yaliyo juu ya picha zenyewe, yaani majina ya matukio, ya watu na ya mahali, kwa sehemu kubwa ni ya Kifaransa. Mazungumzo ni ya Kiswahili. Mpangilio huo si wa bahati. Kifaransa kilikuwa lugha ya shule, ya serikali na ya vitabu vya historia. Kukiandika juu ya picha ni kudai kwamba picha ni hati, sawa na hati nyingine. Kiswahili kilikuwa lugha ya mgodi, ya soko na ya nyumba nyingi za mjini. Kukisema mbele ya picha ni kuifungua hati ile na kuieleza kwa watu.

Kwa hiyo kazi ya Tshibumba ina tabaka mbili. Kifaransa kinatangaza, Kiswahili kinajadili. Kifaransa kinataja tarehe, Kiswahili kinaeleza kwa nini tarehe hiyo inauma. Atakayesoma tabaka la kwanza tu atamwona mchoraji aliyeiga vitabu vya shule. Atakayesikia tabaka la pili atamwona mtu anayevijibu vitabu hivyo.

Kiswahili hicho si kile kinachofundishwa madarasani kwa jina la Kiswahili bora. Watu humo ni bantu, maneno ya Kifaransa huingia na kutoka bila kuomba ruhusa, na upatanisho wa kisarufi hufuata njia zake wenyewe. Kwa sababu hiyo wapo wasomi ambao wamekihesabu kuwa kasoro ya lugha, kitu cha kusahihishwa kabla ya kuchunguzwa. Msimamo huo ni hasara kwa taaluma. Mtu aliyeweza kuisimulia karne nzima kwa lugha hiyo, akatofautisha alichokisikia na alichokiwaza, akajibu hoja na kuirudia kwa maneno mengine, hakuwa na upungufu wa lugha. Unukuzi wa mazungumzo hayo kwa Kiswahili chake halisi uliwekwa kwenye intaneti mwishoni mwa miaka ya 1990, katika hazina ya matini iitwayo Archives of Popular Swahili inayohusiana na Chuo Kikuu cha Amsterdam. Kwa hiyo kisingizio kwamba matini hayapo kimekwisha. Kilichobaki ni kuyasoma kama fasihi inavyosomwa: muundo wake, mtindo wake, ucheshi wake, na mahali anaponyamaza.

6. Ushahidi wa jukwaani

Je, mfano wa Tshibumba ni wa pekee, jambo lililotokea mara moja kati ya watu wawili? Sanaa ya maigizo ya mji huohuo inajibu kwamba sivyo. Kundi la Mufwankolo, lililopata umaarufu katika redio na televisheni ya Lubumbashi, lilijenga michezo yake bila kuiandika. Matini yake yalivuta mapema macho ya wataalamu wa lugha. Mwaka 1981 Walter Schicho na Mbayabo Ndala walichapisha kitabu juu ya kundi hilo. Mchezo ulianza kwa wazo lililotupwa kati ya wenzi, likajadiliwa, kila mmoja akaongeza alilolijua, sehemu zikagawanywa, kisha wakafanya mazoezi ambamo maneno yaliendelea kubadilika mpaka siku ya kuonyesha.

Mwaka 1986 Fabian, aliyekuwa amerudi Lubumbashi, alipewa mezani firigisi ya kuku. Alipotaka kuigawa aliambiwa kwa Kifaransa msemo wenye maana kwamba mamlaka huliwa mazima. Hakuuelewa sawasawa, akaupeleka kwa waigizaji kama swali. Waigizaji walianza kuujadili, kisha wakaamua kuufanya mchezo. Kutokana na swali la mgeni asiyejua adabu ya firigisi, ukatokea mchezo kamili juu ya chifu na kijiji chake, ulioonyeshwa katika kijiji cha Kawama na kurekodiwa kwa ajili ya televisheni. Mwaka 1990 Fabian alichapisha masimulizi ya kazi hiyo pamoja na matini yake.

Kulinganisha mifano hii miwili kunafundisha. Kwa Tshibumba, mazungumzo yalikuwa ya watu wawili, nayo yalizaa mfululizo. Kwa Mufwankolo, yalikuwa ya kundi, nayo yalizaa tamthilia. Katika mfano wa pili, swali la mgeni lilimezwa haraka: waigizaji walilichukua, wakabishana wao kwa wao kwa lugha yao, na yule aliyeuliza akabaki msikilizaji. Katika mfano wa kwanza mwulizaji alibaki hadi mwisho akiwa ndiye mlango pekee ambao kazi ilipitia. Tofauti hiyo inaongoza kwenye suala zito kuliko yote.

7. Mizani isiyolingana

Kusifu mazungumzo ni rahisi. Neno lenyewe lina harufu ya amani. Lakini watu hawazungumzi hewani. Huzungumza wakiwa mahali fulani, mmoja akiwa mwenyeji na mwingine mgeni, mmoja akiwa na fedha na mwingine akiwa na shida. Lubumbashi ya 1973, mchoraji alikuwa Mkongo lakini nyumba ilikuwa ya profesa. Kinasa sauti kilikuwa cha profesa. Fedha ya kununua picha ilikuwa ya profesa. Na nje ya nyumba hiyo kulikuwa na dola ya chama kimoja, ambamo raia alipima maneno yake kila alipomtaja mtawala. Profesa aliweza kuondoka nchini. Mchoraji alibaki na maneno aliyoyasema.

Fabian aliondoka mwaka 1974, na picha zikaondoka. Leo zimo Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililokuwa likiitwa Tropenmuseum. Tshibumba hakuonekana tena tangu mwanzo wa miaka ya 1980, na hakuna anayejua mwisho wake. Kitabu kilipotoka mwaka 1996, jina lake liliwekwa kama mwenye picha na mwenye masimulizi, jambo linalostahili kutajwa kwa heshima. Lakini kitabu chenyewe kilitoka kwa Kiingereza, lugha ambayo si ile iliyo juu ya picha wala si ile iliyosemwa mbele yake. Watu ambao historia yao imechorwa humo, wakazi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, ndio wa mwisho kuweza kukisoma.

Je, kutolingana huko kunaifuta hoja ya makala haya? Hapana, bali kunaipa uzito. Kama mazungumzo yangekuwa maelezo tu, upotevu wake ungekuwa mdogo: picha zingebaki, na picha zinaonekana hata Amsterdam. Lakini ikiwa mazungumzo ni sehemu ya kazi, basi kazi hiyo imegawanywa vipande. Macho yake yako Uholanzi, tafsiri yake iko katika maktaba za Kiingereza, na sauti yake ya Kiswahili inawangoja watu ambao ndio pekee wangeweza kuijibu. Maana mazungumzo, tofauti na picha, yana tabia hii: yanataka jibu. Swali ambalo Tshibumba aliliweka kwa kumfananisha Lumumba na Yesu halikulengwa kwa mgeni mmoja tu. Mgeni alilipokea kwa niaba ya wengine.

Haitakuwa haki kumtwika Fabian peke yake lawama hiyo. Yeye aliuliza, akasikiliza, akahifadhi na hatimaye akatoa unukuzi. Isingekuwa kazi yake, sauti hiyo isingekuwapo. Tshibumba aliwachorea pia wanunuzi wengine, na Bogumil Jewsiewicki amefanya utafiti mkubwa juu ya uchoraji huo wa mijini. Lakini ni mfululizo huu ndio uliobaki na maneno yake kwa wingi kiasi hiki. Upungufu unaobaki ni wa upande wa pili: ni nani, kati ya wenye lugha, aliyechukua zamu ya kujibu?

8. Zamu ya wengine

Dalili za jibu zimeonekana katika sanaa yenyewe kabla ya kuonekana katika uhakiki. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, katika mfululizo wake uitwao Mémoire wa mwaka 2006, aliwaweka watu wa picha za kikoloni juu ya mandhari ya viwanda vya madini vilivyochakaa. Wafanyakazi wa zamani na magofu ya sasa wanalazimishwa kuulizana. Mwaka 2008 Baloji, pamoja na mwandishi Patrick Mudekereza na wenzao, walianzisha mjini humo makutano ya picha yaliyokua na kuwa biennale ya Lubumbashi. Jina walilolichukua kwa ajili ya kituo chao ni neno la Kiswahili la kawaida kabisa: Picha. Mwaka 2011 Baloji na Mudekereza walionyesha katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, kazi walizozitengeneza baada ya kuzichunguza hazina za jumba hilo kutoka enzi ya ukoloni.

Katika mfano huu mizani imeanza kugeuka. Tshibumba aliulizwa na mtaalamu kutoka Ulaya juu ya picha zake. Wasanii wa kizazi hiki wamekwenda Ulaya kuuliza juu ya picha zilizopigwa na Wazungu. Aidha, kazi yao huanza kati ya mpiga picha na mwandishi, watu wa mji mmoja, kabla ya kumfikia mgeni. Mazungumzo yamebaki kuwa chemchemi. Aliyeibeba ndoo ndiye aliyebadilika.

9. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha mambo matatu. La kwanza, kwamba katika uchoraji wa Katanga uitwao ukumbusho, mazungumzo hayaifuati picha bali yanaidai na kuikamilisha, kama neno lenyewe linavyoshuhudia. La pili, kwamba mfululizo wa Tshibumba ulizaliwa katika zamu za kuuliza na kujibu, na kwamba bila zamu hizo picha mia moja na moja zisingekuwapo kwa umbo hilo. La tatu, kwamba mazungumzo yanayozaa sanaa yanaweza kuwa ya watu wasio sawa, na kwamba kutokuwa sawa huko huonekana zaidi baada ya kazi kukamilika, pale inapoamuliwa nani ataibeba, nani ataisoma, na kwa lugha gani.

Kwa idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kongo, matokeo ya hoja hii ni ya vitendo. Matini ya mazungumzo ya Tshibumba yanafaa kuingizwa katika masomo ya fasihi, siyo kama mfano wa lahaja tu, bali kama masimulizi makubwa ya Kiswahili ya karne ya ishirini. Yanafaa kusomwa kwa sauti, mbele ya nakala za picha, katika madarasa ambamo wamo wajukuu wa wafanyakazi wa migodi. Na yanafaa kuchapwa nchini kwa Kiswahili chake, bila kusahihishwa, na maelezo machache kwa msomaji wa mashariki au magharibi asiyekizoea.

Atakapotokea mwanafunzi wa kupinga kwamba nyota sita zilitosha, au kwamba Lumumba hakustahili misalaba mitatu, au kwamba mgomo wa 1941 ulichorwa vingine na babu yake, ndipo kazi ya Tshibumba itakapokuwa imerudi mahali pake. Mwanafunzi huyo atakuwa ameketi mbele ya picha ya ukumbusho kama wageni wa sebule walivyoketi: si kuisifu, bali kuijibu.